Kabla ya kumpandisha jike wako, hesabu kuanzia mwisho

Mtu akiniambia anataka mbwa wake azae, simwulizi dume atatoka wapi. Namwuliza watoto wataenda kwa nani. Jibu huwa jepesi: "Wako wengi wanaotaka." Barazani kila mtu anataka. Mwambie atangulize nusu ya bei leo hii, uone wangapi watabaki mkekani. Jike wa umbo la wastani anaweza kukuletea sita, wanane, hata kumi, na hawafai kutengwa na mama yao kabla ya wiki nane. Mimba ni siku 63 hivi, wiki nane ni siku 56. Jumla 119. Fungua kalenda kwenye siku hiyo ya 119 urudi nyuma, maana makosa yangu yote ya mara ya kwanza yalitokana na kuanza kuhesabu siku ya kupandisha.

Kufikia siku ya kuwatoa, kila mtoto awe ameanza chanjo na amekunywa dawa ya minyoo tangu wiki ya pili, akirudia kila wiki mbili. Minyoo ya mviringo huwapata wakiwa bado tumboni, kisha tena kwenye maziwa, kwa hiyo usidanganywe na mtoto mnene anayeng'aa. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hupigwa wakifika miezi mitatu, wakati wameshahama kwako. Mwandikie tarehe huyo anayemchukua, asije akasema hakuambiwa.

Rudi nyuma kidogo, wiki ya tano au ya sita. Hapo ndipo watoto wanane hutoroka kwa pamoja. Mombasa usisahau jirani. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa yakigusa nguo huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Kijibwa kikipenya chini ya geti kikamrukia mzee aliyevaa kanzu anaelekea msikitini, hujamletea mchezo, umemletea kazi. Ziba geti kwa mbao kabla, na uende ukaongee na majirani mapema.

Sasa usiku wa kuzaa. Jike wangu wa kwanza alizaa Februari, Kisauni, katika stoo ya mabati. Kaskazi ilikuwa inavuma lakini mle ndani haikufika. Alihema usiku kucha, akawa anawaacha watoto na kwenda kulala mlangoni kwenye sakafu ya saruji. Siku ya tatu wawili walikuwa wameshakufa. Nilimlaumu yeye kwanza, nikasema hana umama. Kumbe joto. Mtoto mchanga wa mbwa hawezi kujitunzia joto lake, anahitaji pembe yenye matandiko isiyo na upepo, ilhali mama anahitaji hewa. Kwa hiyo tengeneza kisanduku chenye ukingo ambao mama anauruka na watoto hawauwezi, katika chumba chenye madirisha. Na kama jike wako huingia joto, yaani hutaka dume, Desemba na tena Juni, huna haja ya kukimbilia la Desemba. Anayepandwa Juni huzaa Agosti, kusi likiwa bado linapoza nyumba.

Kipimajoto ni rafiki wa bei ndogo. Mbwa mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39. Zikishuka chini ya 37 wiki ya mwisho, mara nyingi uchungu uko ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au ikipita zaidi ya saa mbili kati ya mtoto na mtoto huku ukijua wapo zaidi, au uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, mpigie daktari wa mifugo. Si sindano ya uchungu kutoka duka la dawa: mtoto akiwa amekwama, dawa hiyo inaweza kupasua kizazi. Tafuta mapema daktari anayepasua usiku, na tuktuk ambaye dereva wake anakubali kubeba mbwa. Wengi hawakubali. Ukiwa ng'ambo ya Likoni, foleni ya feri iingize kwenye hesabu.

Wakati wa mimba kuna kosa moja la watu wema: kumrundikia kalsiamu. Mwili ukizoea kuletewa, unasahau kuitoa kwenye mifupa, na akianza kunyonyesha hutetemeka, hukakamaa, anaweza kufa. Mpe chakula kizuri tu, sima na omena peke yake haitoshi, na umwongezee kiasi kuanzia wiki ya sita. Na dawa ya kupe ya ng'ombe usimwogeshe kwa kukadiria.

Siku ya kupandana yenyewe ni fupi. Wakinasana mkia kwa mkia, waacheni. Huachana wenyewe, pengine baada ya nusu saa. Fukuza watoto wenye mawe na jirani mwenye ndoo.

Linalotangulia ndilo zito. Jike asiwe chini ya miezi 18 hivi, chanjo ziwe zimekamilika ili kinga ipite kwenye dang'a, maziwa ya kwanza, na apimwe damu. Kupe wa Pwani huleta homa inayopunguza chembe za kugandisha damu, na jike anaweza kuonekana mzima hadi siku ya kutoka damu. Dume mkague pia. Kuna saratani ambayo hupita kutoka mbwa hadi mbwa, hasa kwa kupandana, huota kama koliflawa sehemu za siri, ikidondosha damu, na madume wanaozurura jalalani huibeba. Hutibika kwa sindano za wiki kadhaa. Brusela ni mbaya zaidi: mimba hutoka, dawa haiimalizi, na binadamu huambukizwa. Kipimo kabla, kwa wote wawili.

Nyuma ya yote hayo linabaki swali la kwanza kabisa: kwa nini azae? Nimesikia mara nyingi kwamba jike lazima azae walau mara moja ili awe na afya. Si kweli. Asiyezaa na asiyefungwa kizazi yuko hatarini kupata usaha kwenye kizazi wiki chache baada ya joto, na dawa yake ni upasuaji, si dume. Huyu niliye naye sasa nilimfunga. Analala mlangoni bado, kwenye sakafu ile ile.