Jinsi ya Kuandaa Mashindano ya Hearthstone Mtandaoni Kutoka Lubumbashi: Mfumo, Kanuni na Ratiba

Ugomvi mwingi katika mashindano ya karata za mtandaoni hautokani na karata zenyewe, kwa kuwa programu ndiyo inayochanganya, inayogawa na inayohesabu, na hakuna awezaye kuficha karata ndani ya mkono wa shati. Hutokana na mambo yaliyo nje ya programu: umeme uliokatika katika komini moja ya jiji, Katuba, wakati katika nyingine, Kampemba, unawaka, mchezaji aliyechelewa dakika ishirini, deki, yaani fungu la karata za mchezaji, iliyobadilishwa kati ya raundi ya pili na ya tatu. Kwa hiyo mwandaaji anayetaka mashindano yaishe kwa amani aandike kanuni kabla ya kufungua uandikishaji, azitume kwa kila mshiriki, na asiziguse tena hadi fainali iishe. Mwongozo huu unahusu Hearthstone, mchezo wa karata wa kampuni ya Blizzard uliotoka mwaka 2014, kwa sababu kuupakua ni bure na unachezwa kwa simu na kwa kompyuta. Lakini sehemu kubwa ya yasemwayo hapa yanafaa pia kwa michezo mingine ya aina hiyo.

Seva, tarehe na saa

Akaunti ya Hearthstone inaweza kuingia katika eneo la Amerika, la Ulaya au la Asia, na karata ulizokusanya katika eneo moja hazionekani katika jingine, wala wachezaji wawili walio katika maeneo tofauti hawawezi kupambana. Tangazo la mashindano litaje eneo moja tu. Ulaya ndiyo inayofaa zaidi, hasa ikiwa mtawaalika ndugu walioko Ubelgiji au Ufaransa.

Tarehe iangaliwe kwa makini kuliko wengi wanavyofanya. Mara kadhaa kila mwaka hutoka karata mpya, na katikati ya matoleo hayo Blizzard hurekebisha nguvu za karata zilizopo. Kila badiliko huja na sasisho la kupakuliwa, na kwa mtu anayenunua megabaiti kidogo kidogo sasisho kubwa ni gharama ya kweli. Epukeni wiki ambayo karata mpya zinatoka, na siku mbili kabla ya mashindano wakumbusheni washiriki wafungue programu na kupakua kinachodaiwa, ili mtu asije akaanza kupakua wakati mpinzani wake anamsubiri.

Kuhusu saa, Lubumbashi inakwenda sawa na Goma na Bukavu, inaitangulia Kinshasa kwa saa moja, na iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Brussels iko sawa nasi majira yao ya joto, na nyuma yetu kwa saa moja majira ya baridi. Andikeni saa kwa tarakimu na kwa kutaja mji, kwa mfano 14:00 ya Lubumbashi, kwa kuwa miongoni mwetu wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa, na tofauti kati yao ni saa sita nzima.

Deki na uandikishaji wake

Deki ni fungu la karata 30 chini ya shujaa mmoja, yaani mhusika anayemwakilisha mchezaji, na karata yoyote haiwezi kuwekwa zaidi ya mara mbili, isipokuwa zile za daraja la juu kabisa ambazo huwekwa mara moja tu. Zipo karata chache zinazobadilisha idadi hiyo, lakini mwamuzi hana haja ya kuhesabu, kwani programu haikubali deki isiyo halali. Kinachomhusu mwamuzi ni kuhakikisha kwamba deki iliyoandikishwa ndiyo inayochezwa.

Njia rahisi ni msimbo wa deki. Mchezaji akibonyeza kunakili deki yake, programu humpa mfululizo wa herufi na tarakimu ambao mtu mwingine akiunakili ndani ya programu yake huona deki ileile. Msimbo huu unaondoa pia tatizo la lugha, maana mwenye programu ya Kifaransa na mwenye programu ya Kiingereza huona majina tofauti ya karata moja. Tena unamwonyesha mwamuzi mtindo wa deki kabla hata ya kuifungua: msimbo unaoanza na AAEC ni wa mtindo wa Standard, ambao hutumia karata za miaka ya karibuni pekee, na unaoanza na AAEB ni wa mtindo wa Libre, ambao hukubali karata zote tangu mwanzo. Mimi ningechagua Standard, kwa sababu aliyeanza mwaka huu hana namna ya kulingana na aliyekusanya karata kwa miaka kumi.

Misimbo itumwe kwa mwamuzi peke yake, si katika kikundi cha WhatsApp cha washiriki wote, na mlango ufungwe saa 24 kabla ya raundi ya kwanza. Baada ya hapo hakuna kubadilisha hata karata moja. Ikiwa Blizzard itarekebisha karata baada ya mlango kufungwa, ufungueni tena kwa wote kwa muda uleule, kamwe si kwa mmoja anayelalamika. Pamoja na misimbo, kila mshiriki atume jina lake la Battle.net, mfumo wa akaunti wa Blizzard, likiwa na tarakimu zinazolifuata baada ya alama ya #, kwa maana bila tarakimu hizo wapinzani wanaweza kumtafuta mtu mwingine kabisa mwenye jina kama hilo.

Jinsi mechi moja inavyochezwa

Mfumo ninaoupendekeza unaitwa Conquest, na sheria yake ni moja: deki iliyoshinda inawekwa kando, na mshindi wa mechi ni yule wa kwanza kushinda kwa deki zake zote. Katika mechi ya michezo mitatu, kila mchezaji huleta deki tatu za mashujaa watatu tofauti, kisha anamfungia mpinzani wake deki moja, yaani anaizuia isichezwe, na zinabaki mbili kwa kila upande.

Tuchukue mfano. Mchezaji wa Katuba ameleta Mage, Druide na Voleur. Wa Ruashi ameleta Paladin, Prêtre na Guerrier. Wote wawili humtumia mwamuzi kwa siri jina la deki wanayotaka kuifunga, na mwamuzi huyatangaza kwa pamoja, ili asiwepo anayechagua baada ya kuona chaguo la mwenzake. Katuba anafunga Guerrier, Ruashi anafunga Druide. Mchezo wa kwanza, Mage ya Katuba inaishinda Paladin. Mage imemaliza kazi yake na haiwezi kurudi. Katuba amebaki na Voleur peke yake, ambapo Ruashi bado ana Paladin na Prêtre. Mchezo wa pili, Ruashi anatoa Prêtre na inaishinda Voleur. Sasa ni mmoja kwa mmoja, na mchezo wa tatu hauna siri tena: Voleur dhidi ya Paladin, na atakayeshinda ndiye mshindi wa mechi.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo wachezaji wageni huchelewa kulielewa, nalo ni kwamba Conquest inapima deki yako dhaifu kuliko inavyopima ile kali. Deki kali itashinda mara moja na kukaa pembeni. Iliyo dhaifu itabaki mezani hadi ishinde au mechi iishe. Basi unapochagua deki ya kufunga, usifunge ile inayosifiwa zaidi kwa wakati huo, bali funga ile ambayo deki yako dhaifu haiwezi kuishinda. Kadhalika, unapotayarisha deki tatu, ni heri ziwe na adui mmoja wa pamoja, ambaye utamfunga kila mechi, kuliko kila moja kuwa na adui wake.

Kwa mashindano ya kwanza kabisa, wakati washiriki wengi hawana karata za kutosha, punguzeni ziwe deki mbili bila kufunga yoyote. Tangu 2021 mchezo unatoa karata za msingi bila malipo, na hizo husaidia, lakini kujenga deki tatu zenye ushindani bado ni mzigo kwa asiyetumia fedha. Nusu fainali na fainali zinaweza kuongezwa hadi michezo mitano, yaani deki nne na kufunga moja, mradi tangazo limesema hivyo tangu mwanzo, maana anayefika huko lazima awe ameandikisha deki nne.

Mashujaa wote wawili wakifa kwa pamoja, mchezo hurudiwa kwa deki zilezile. Kutazama mchezo wa rafiki kupitia programu kuzuiwe kwa wote isipokuwa mwamuzi, kwa sababu mtazamaji huiona mikono ya anayemtazama, na simu ya pili ya kumnong'oneza mpinzani haikosekani.

Kupanga raundi

Mtoano ni rahisi kuueleza, lakini una kasoro: katika mashindano ya watu 16, wanane wamekwisha kutoka baada ya mechi moja, pengine baada ya kununua megabaiti za wiki nzima. Afadhali mfumo wa Uswisi, unaoitwa hivyo kwa sababu ulitumiwa kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa, kila raundi mchezaji hupangwa na mtu mwenye ushindi sawa na wake ambaye hawajakutana. Raundi tatu zinatosha watu 8, nne zinatosha watu 16, tano zinatosha 32, na idadi iliyo katikati huchukua raundi za kundi la juu yake, hivyo watu 12 watacheza raundi nne. Wanne wa juu huingia nusu fainali ya mtoano.

Idadi ikiwa witiri, mtu mmoja hupumzika na kuhesabiwa ushindi. Apumzike yule wa chini kabisa ambaye bado hajapumzika.

Wenye ushindi sawa hutenganishwa kwa kuangalia wapinzani wao walifanya nini. Tuseme umeshinda mechi tatu kati ya nne, na wapinzani wako wanne walishinda mechi 2, 3, 1 na 2 kati ya nne. Asilimia zao ni 50, 75, 25 na 50. Kwa desturi ya mashindano ya karata, asilimia iliyo chini ya 33 huhesabiwa kuwa 33, ili usiadhibiwe kupita kiasi kwa kupangiwa mtu dhaifu. Hivyo wastani wako ni 52, na aliye na wastani mkubwa zaidi yuko juu yako. Hesabu hii ifanywe hadharani kwenye jedwali ambalo kila mtu analiona, maana anayekosa nusu fainali kwa pointi moja ya wastani atataka kuikagua, na ana haki hiyo.

Ratiba ya watu 12 ni hii: mechi ya michezo mitatu ipewe dakika 45, raundi nne zitachukua saa tatu, na zikianza 14:00 Jumamosi zitaisha 17:00, kabla mtandao haujalemewa na watu wa jioni. Nusu fainali na fainali zichezwe Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Mchezaji akichelewa dakika 10 anapoteza mchezo wa kwanza, na akifikisha dakika 15 anapoteza mechi.

Kukatika

Hapa ndipo kanuni zetu zinapaswa kuwa tofauti na zile za Ulaya. Katika Hearthstone zamu moja ina sekunde 75, na anayekatika anaweza kurudi maadamu mchezo haujaisha, lakini saa haimsubiri: zamu zake zinapita bure huku mpinzani anaendelea. Dakika mbili bila mtandao zinaweza kutosha kupoteza mchezo uliokuwa mikononi mwako.

Waandaaji wengi huandika kwamba mwamuzi «ataangalia hali ilivyokuwa». Kanuni hiyo ni mbaya. Mwamuzi aliye komini ya Kenya hawezi kujua kama umeme umekatika kweli Ruashi, na mchezaji aliyepata karata mbaya mwanzoni anaweza kuzima data yake kisha akailaumu kampuni ya simu. Kanuni isitegemee ushahidi ambao hakuna awezaye kuutoa. Hii ndiyo ninayoipendekeza, na mnaweza kuitumia kama ilivyo:

«Mchezo uliokatika unahesabiwa kama programu ilivyouamua. Hata hivyo, kila mchezaji ana haki ya kuomba mchezo mmoja tu urudiwe katika mashindano yote, iwapo amekatika kabla ya zamu yake ya tano kuanza na amemwarifu mwamuzi ndani ya dakika tano. Mchezo hurudiwa kwa deki zilezile. Mchezaji haulizwi sababu ya kukatika.»

Ni kweli kwamba mjanja ataitumia haki hiyo kukimbia karata mbaya. Na aitumie, anayo moja tu, na umeme ukikatika kweli raundi inayofuata hatakuwa na pa kukimbilia. Kizuizi cha zamu ya tano nacho kinamlinda aliyekuwa anakaribia kushinda. Hitilafu ikiwa ya seva za Blizzard, mechi zote zinasimama na raundi inapangiwa saa nyingine.

Mengine ni maandalizi: simu iliyojaa chaji, pawabenki, na laini ya pili ya kampuni nyingine yenye megabaiti tayari. Mwamuzi naye awe na msaidizi anayekaa komini nyingine, mwenye nakala ya misimbo na jedwali, asije umeme wake ukakatika na mashindano yote yakalala.

Matokeo, ada na malalamiko

Mshindi hutuma picha ya skrini baada ya kila mchezo, na mpinzani huthibitisha kwa neno moja. Kama mnatoza ada ya kushiriki, ipokelewe kwa namba moja ya M-Pesa au Airtel Money, orodha ya waliolipa iwe wazi, na mgawanyo wa zawadi utajwe katika tangazo. Blizzard ina masharti yake kuhusu mashindano yanayoandaliwa na wachezaji wenyewe, nayo yasomwe kabla ya kutafuta mfadhili.

Malalamiko yapokelewe kwa maandishi hadi dakika 10 baada ya mechi kuisha. Mwamuzi huyajibu kwa kutaja kanuni inayohusika, msaidizi huyapitia mara moja tu mlalamikaji akikata rufaa, na raundi inayofuata ikishatangazwa matokeo ya iliyotangulia hayafunguliwi tena.