Somo: Kulinganisha injini na kufunga hita kwenye malori ya jeshi (M35A2 na M923)

Wakuu, habari za baridi. Majira yaliyopita, alfajiri moja hapa Minnesota, nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha mbele upande wa ndani. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe iliyoganda. Siku hiyo niliapa kwamba lori hili lazima lipate hita. Lakini hita ya maji, yaani inayopasha kebini kwa maji ya moto ya injini, hula joto la injini, kwa hiyo tuanze na injini.

M35A2 ina injini ya LDT-465: silinda sita, lita 7.8, tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu za farasi 130 na ushee. Inakubali dizeli, mafuta ya ndege, mafuta ya taa. Ni mvumilivu, ila kilima kirefu utapangua gia mpaka mkono uchoke.

M923 ya tani tano ina Cummins NHC-250: lita 14, haina tabo, farasi 240. M923A2 ina Cummins 6CTA8.3, yenye tabo na farasi hizohizo 240 kutoka lita 8.3. Zote mbili zina gia otomatiki ya Allison. Mimi ningechukua M923A2 bila kusita, maana injini ya familia hiyo ilifungwa pia kwenye mabasi na mashine za kilimo, na vipuri havisumbui. Ile ya lita 14 ni ngumu kweli, ila ukiiacha inaunguruma tu kwenye baridi kali, inapoa badala ya kupata moto.

Hatua ya 1. Kabla ya kununua chochote, endesha dakika 20 uangalie geji. Inasoma Farenhaiti, unataka iwe karibu na 180. Isipofika, themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) huenda imekwama wazi. Ibadilishe kwanza, la sivyo hita itapuliza baridi.

Hatua ya 2. Injini ikishapoa, mwaga kulanti, yaani maji ya kupozea injini yenye dawa ya kuzuia kuganda. Chukua maji ya moto kwenye kichwa cha injini, kabla ya themostati, uyarudishe upande wa pampu ya maji unaovuta. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaunga mipira yote miwili mahali penye presha sawa, na maji hayazunguki. Weka koki kwenye mpira wa moto ili kiangazi ufunge.

Hatua ya 3. Nunua feni ya volti 24. Tafadhali usiibe volti 12 kwenye betri moja. Hiyo itakufa njaa na mwenzake atachajiwa kupita kiasi. Fyuzi ikae karibu na betri.

Hatua ya 4. Elekeza hewa kwenye kioo kwanza, miguu baadaye. Ziba matundu ya sakafuni na kwenye shina la gia.

Hatua ya 5. Jaza kulanti na maji nusu kwa nusu, kisha toa hewa. Injini ikipata moto, shika mipira miwili kwa uangalifu. Mmoja ukiunguza na wa pili ukiwa baridi kabisa, kuna hewa ndani. Mimi nilihangaika siku mbili kwa sababu nilifunga hita juu kuliko kifuniko cha rejeta. Nilipoishusha, kioo kilianza kuyeyuka kutoka pembe ya chini, taratibu, hadi nikaona barabara yote.

Maswali ya wanachama

*Fundi, vipi hita ndogo za dizeli?*
Nzuri kaka, hasa ukilala ndani ya lori. Chukua ya volti 24. Ekzosi yake itoke nje kabisa, mbali na kebini, na ufunge king'ora cha kaboni monoksidi. Usiikatie umeme ghafla. Iache ipoe yenyewe.

*Shikamoo mzee. Naweza kuziba rejeta kwa kadibodi?*
Marahaba mwanangu. Ziba sehemu tu, na macho yasitoke kwenye geji. Ukianza kupanda mlima na mzigo, itoe.

*Nataka kutia Cummins kwenye M35A2 yangu. Unashaurije?*
Anza na breki, ndugu yangu. M35A2 ina saketi moja tu ya breki. Bomba likipasuka, magurudumu yote yanakosa breki. Gawanya saketi hiyo kwanza, ndipo tuzungumze farasi.