Namna ya Kumsaidia Jirani Anayemuuguza Mzazi Nyumbani

Mtu anayemuuguza mzazi aliyepooza, awe hapa Kisumu mjini au kijijini Siaya, huulizwa kila siku hali ya mgonjwa na ni nadra kuulizwa hali yake mwenyewe. Kwa hiyo anzia hapo, kisha unyamaze umsikilize.

Usimwambie, "Ukihitaji kitu niambie," kwa kuwa aliyechoka huona haya kuomba. Taja jambo na siku yake: "Dada, Jumamosi nitakaa na mama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, nawe uende soko la Kibuye au ulale." (Akichagua kulala, usishangae.)

Kabla ya zamu hiyo, mwombe akuandikie dawa na saa zake, na akuonyeshe jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kwani asiyeweza kujigeuza huhitaji kubadilishwa ubavu takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala sana. Uliza pia kama anameza vizuri, maana aliyepatwa na kiharusi anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni.

Ukipeleka samaki kama ngege, mpeleke akiwa amekwisha kupikwa. Kumparua magamba ni kazi nyingine unayomwongezea. Kufua shuka pia ni msaada mkubwa.

Wageni hujaa majuma ya kwanza, halafu hutoweka. Mimi naona mwezi wa nne tangu mgonjwa apooze ndio mgumu zaidi, kwa hiyo uandike kwenye kalenda yako siku za kumtembelea wakati huo.