Kupamba sebule bila makeke: mawazo utayapata wapi hapa Dar es Salaam

Mteja akiniambia anataka sebule iliyotulia, ya kizamani kidogo, isiyochosha macho, namwomba aiweke simu pembeni kwanza. Picha inakuonyesha chumba kilivyo, lakini haikuambii kwa nini kinapendeza. Ukinakili sura tu, unaishia na kochi la kijivu lililopendeza kwenye picha ya Ulaya na kupwaya Tabata. Ukiijua sababu, utaitumia hata kwenye chumba na sebule cha kupanga. Huu ndio utaratibu ninaowapitisha wateja wangu, na sehemu kubwa yake haina gharama.

Hatua ya 1: Kijue chumba chako

Chora sebule kwenye karatasi: milango, madirisha, soketi, panga boi. Kisha kaa humo asubuhi, saa nane mchana na saa moja jioni, uandike mwanga unaangukia wapi. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua linapita upande wa kaskazini na Desemba linahamia kusini. Dirisha la magharibi linachoma jioni mwaka mzima. Andika pia upepo unaingilia wapi, wa kusi na wa kaskazi. Kochi linaloziba upepo litakukera kila siku, hata liwe zuri namna gani.

Ukimaliza, toa nje kila kinachobebeka: maua ya plastiki, stuli za ziada, zulia, vitambaa vya makochi. Sisemi uvitupe. Vile vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na mama au shangazi ni kazi ya thamani kubwa, ila vikitandazwa juu ya kila kitu hakuna anayeviona. Chagua kimoja, kiweke pekee juu ya meza ya mbao, uone kinavyosimama.

Hatua ya 2: Nenda ukaone majengo yaliyodumu

Hapa usiharakishe. Beba daftari na futi kamba.

Anzia Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, linalotazama bandari. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid, kwa mawe ya matumbawe. Simama dirishani uangalie unene wa ukuta. Mwanga unapita kwanza kwenye kina cha ukuta ndipo uingie chumbani, kwa hiyo unafika ukiwa umepoa. Nyumbani kwako ukuta ni wa tofali jembamba, lakini unaweza kupata mwanga wa aina hiyo kwa pazia jepesi la pamba lililoning'inizwa mbele kidogo ya dirisha.

Nyumba za mawe za pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Lamu, zina funzo jingine. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki upana mkubwa; mara nyingi ni kati ya meta 2.5 na 3. Ndiyo maana vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Watu wanakaa kuta za pembeni, katikati panabaki wazi, hewa inapita. Wengi Dar wanalalamika kwamba sebule yao ni nyembamba, kisha wanaijaza makochi ya watu saba. Sebule nyembamba ni umbo la asili la hapa kwetu. Weka benchi refu la mbao lenye mito ukutani, viti viwili vyepesi upande wa pili, basi.

Kwenye nyumba hizohizo kulikuwa na vidaka, vijishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kaure na vitabu. Kidaka kinakupa kipimo: kikijaa, kimejaa. Kama unajenga, mwambie fundi mwashi akuachie kimoja. Kama umepanga, rafu moja fupi inatosha, na shokesi inaweza kwenda kwa ndugu anayeihitaji.

Siku nyingine nenda Makumbusho ya Kijiji, Barabara ya Bagamoyo. Ingia msonge wa Wahaya, kisha tembe la Wagogo. Hesabu malighafi zilizotumika kwenye kila nyumba. Ni chache, na rangi ya nyumba ni rangi ya vitu vilivyoijenga: udongo, miti, nyasi. Hakuna kinachoshindana na kingine.

Kila unapofika, jiulize jicho langu limetua wapi na kwa nini, halafu pima. Kimo cha benchi lililokukalisha vizuri, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, upana wa mlango. Vipimo hivyo utavihitaji kwa fundi.

Hatua ya 3: Chagua malighafi tatu, usiongeze

Mbao ya aina moja, kitambaa cha aina moja, na kitu kimoja cha kusukwa. Kwa mfano mninga, pamba nzito na mkeka wa ukindu.

Ukikwama kwenye rangi, nunua kikoi ulichokipenda ukitandaze sakafuni. Sehemu kubwa ni rangi moja tulivu, mistari imekaa pembeni, na rangi kali ni nyuzi chache tu. Gawa sebule yako vivyo hivyo: ile rangi ya katikati iende ukutani, ya mistari kwenye mbao na mapazia, na ile kali ibaki kwenye mto mmoja au chungu kimoja.

Wa Kigamboni, Mbezi Beach na kwingine karibu na bahari, jihadharini na vyuma. Kwenye hewa ya chumvi vinashika kutu haraka. Fimbo ya pazia iwe ya mbao.

Hatua ya 4: Ukuta na taa

Nyeupe kali inaumiza macho kwenye jua letu. Dukani omba nyeupe iliyotiwa kahawia kidogo, isiyong'aa. Usipake ukuta moja kwa moja: paka kipande cha silingi bodi, kihamishe ukuta hadi ukuta kwa siku nzima. Lita moja hufunika takriban meta 10 za mraba kwa mkono mmoja. Sebule ya meta 4 kwa 4 yenye kuta za meta 3, ukitoa milango na madirisha, inabaki na kama meta 40 za mraba. Mikono miwili ni lita 8, yaani galoni mbili za lita 4.

Kwenye boksi la balbu tafuta namba yenye herufi K. 6500K ni ule mwanga mweupe wa dukani. Chukua 2700K au 3000K, wenye umanjano kidogo. Badala ya taa nyingi za dari, weka moja ya kusimama karibu na kiti na nyingine ya chini juu ya stuli.

Hatua ya 5: Nenda Keko, kwa mafundi samani, na mchoro, si na picha

Chagua kitu kimoja kitakachobeba chumba, kiti au benchi, fedha nyingi iende huko. Mninga naupenda kwa sababu haujikunji sana ukikauka na mchwa hauupendi. Mkongo ni mgumu na unadumu. Mtiki wa mashambani nao ni mzuri ukiwa umekomaa. Muulize fundi mbao imepasuliwa lini na imekaushwa wapi, maana mbao mbichi itapasuka ikishafika kwako.

Mwandikie vipimo: kiti cha kawaida kimo cha sentimeta 42 hadi 45, meza ya chakula 75. Sisitiza viungo vya kuchomeka, ubao mmoja uingie kwenye tundu la mwenzake, siyo misumari na gundi peke yake. Kubalianeni kwamba utakuja kukiona kabla ya vanishi. Hilo ni la lazima, kwa sababu vumbi la mbao lililochanganywa na gundi huziba nyufa, na vanishi ikipita juu hutaziona tena. Kipindue kiti, pitisha kidole gumba kwenye kila kiungo, kisha kalia na uyumbe huku na huku. Kikilia, mwombe afungue kiungo akirudie. Fundi mzuri hatakasirika, atajua unaelewa kazi yake.

Mwisho apige msasa mpaka mbao iwe laini mkononi, na vanishi iwe isiyong'aa. Kikifika nyumbani kiweke pale ulipochora, ukae nacho mwezi mmoja kabla ya kuagiza cha pili.