Namna ya Kufundisha Msamiati wa Kiswahili katika Gredi ya 1 Hadi ya 3

Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha mada ya sokoni katika Gredi ya 2, katika shule moja ya mashariki mwa Nairobi, niliandika ubaoni kwamba ghali ni kitu chenye bei ya juu, nikawafanya watoto wote wasome kwa sauti mara tatu, kisha nikawaomba watunge sentensi. Msichana aliyeketi karibu na dirisha aliandika, kwa mwandiko safi kabisa: "Paa la nyumba yetu ni ghali." Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila wasiwasi kwamba paa liko juu sana, hata mpira ukirushwa haulifikii. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimelieleza neno gumu kwa maneno mengine ambayo hayakuwa mepesi, naye akashika lile moja alilolijua, yaani "juu", akalijengea maana yote.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na shauri ambalo huwashangaza walimu wapya: usianze na fasili. Fasili ni kazi ya mtu anayelijua neno tayari na sasa anataka kuliwekea mipaka. Mtoto wa miaka sita au saba huhitaji kwanza kukutana na neno likifanya kazi, alione, alisikie, alitamke, alikosee, na mwishowe alitumie katika sentensi ambayo hakuisikia kwa mwalimu wake.

Kuchagua maneno

Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, umepanga msamiati kulingana na mada, na vitabu vya wanafunzi huweza kuorodhesha maneno kumi au zaidi chini ya mada moja. Kipindi cha madarasa haya ni dakika 30 tu. Mwalimu anayejaribu kuyamaliza maneno yote katika kipindi kimoja ataona Ijumaa kwamba yamebaki mawili, na pengine hayo mawili watoto walikuja nayo kutoka nyumbani. Mimi huchagua manne au matano kwa wiki. Yaliyosalia huyataja tu yanapojitokeza katika usomaji.

Kabla ya kuchagua, yatenge maneno katika mafungu. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo mtoto anavijua vizuri sana isipokuwa jina lake la Kiswahili sanifu. Mtoto wa Kayole au Dandora anajua pesa ni nini, ila yeye huziita doo au ganji. Nyumba ni keja. Rangi ya manjano huitaja kwa Kiingereza. Hapa maana ipo tayari na kazi ni kubandika jina tu, kwa hiyo mchezo mfupi wa kuoanisha kadi na picha unatosha. Fungu la pili ni la vitu ambavyo hajawahi kuviona, kama vile ghala, wimbi au mtumbwi, na haya yanahitaji picha nzuri au kitu halisi, kwa sababu hakuna maelezo ya mdomo yatakayomwonyesha wimbi mtoto ambaye maji mengi zaidi aliyoyaona ni ya tangi la ploti yao.

Fungu la tatu ndilo linalostahili muda wako mwingi. Ni maneno ya hali, ya mawazo na ya matendo yasiyoshikika kwa mkono: ghali, subira, dhaifu, kagua, hifadhi, linganisha. Maneno haya hayamilikiwi na mada moja. Mtoto atakutana na "linganisha" katika Hisabati na "hifadhi" katika masomo ya Mazingira. Isabel Beck na Margaret McKeown wa Marekani, waliotafiti msamiati kwa miaka mingi, waliwashauri walimu vivyo hivyo: wasitumie nguvu nyingi kwa maneno ambayo kila mtoto atayaokota mwenyewe, wala kwa yale ya kitaalamu yasiyokutwa mara kwa mara, bali kwa yale ya kati ambayo hurudi tena na tena katika vitabu.

Kuhusu Sheng, lugha hiyo ya mtaani, nitasema wazi kwamba simkemei mtoto anayeitumia darasani. Ukimkemea, utakuwa umemfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi msamiati wowote. Ukutani nimebandika karatasi ya manila yenye safu mbili, moja ya maneno ya mtaani na nyingine ya Kiswahili sanifu, na watoto wenyewe ndio huniletea maneno ya kujaza. Safu ya mtaani hujaa haraka zaidi, na mara kadhaa nimelazimika kwenda kuuliza wavulana wa Gredi ya 6 maana ya neno nililoletewa na mtoto wa miaka saba.

Neno moja, kipindi kimoja

Nilirudi kwa neno "ghali" wiki iliyofuata, na hivi ndivyo nilivyolifundisha. Ndivyo ninavyolifundisha hadi leo.

Huanza na sauti. Watoto wanapiga makofi kwa kila silabi, gha-li, halafu wanaweka vidole kooni wasikie mtetemo wa "gh". Wengi hutamka "gali", na wale ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi "r" na "l" huchanganya neno hili na "gari". Badala ya kulikwepa tatizo, mimi hulifanya kuwa mchezo: "Gari hili ni ghali. Gari lile si ghali." Safu moja inasema, nyingine inajibu, kwanza polepole, kisha haraka hadi ndimi zinateleza na darasa zima linacheka. Mtoto asiyeweza kulitamka neno hataligusa katika mazungumzo, hata akiwa analielewa, kwa hiyo dakika hizi tano hazipotei.

Kisha huweka mezani penseli, kifutio, sanduku la rangi na mkoba, kila kimoja kikiwa na kadi ya bei: shilingi 10, shilingi 5, shilingi 150 na shilingi 900. Mtoto mmoja anapewa shilingi 20 za karatasi tulizokata wenyewe, anakuja "dukani". Penseli anaweza kuinunua. Sanduku la rangi hawezi. Hapo ndipo ninapotamka neno: "Sanduku hili ni ghali. Pesa zako hazitoshi, kwa sababu bei yake ni kubwa." Neno limefika wakati mtoto analihitaji, akiwa amesimama mbele ya kitu anachokitaka na hawezi kukipata.

Baada ya hapo huuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au la, lakini kila jibu lifuatwe na sababu. Je, kifutio ni ghali? Je, mkoba ni ghali? Je, paa la darasa letu liko juu, basi ni ghali? Swali hilo la mwisho sikulitoa kichwani mwangu, nililikopa kwa yule msichana. Mfano usiofaa huonyesha mpaka wa neno vizuri zaidi kuliko mifano mitano inayofaa, na ninaamini walimu wengi huuacha kwa kuogopa kuwachanganya watoto.

Kinyume cha ghali huja papo hapo, na hapa pana mtego mdogo. Ukisema kinyume chake ni "rahisi", watoto watakumbuka hesabu rahisi, isiyo ngumu. Eleza tu kwamba neno hili lina maana mbili, kisha usikie sentensi mbili kutoka kwao, moja ya hesabu na moja ya bei. Zingatia pia kwamba "ghali" halibadiliki kwa kufuata ngeli: husemwa kitabu ghali, vitabu ghali, gari ghali, tofauti na "kitabu kidogo, vitabu vidogo, gari dogo". Mtoto akisema "kitabu kighali", usimwambie kuhusu ngeli. Rudia tu sentensi yake ikiwa sahihi, "Ndiyo, kitabu hiki ni ghali," kisha umwache aendelee.

Maneno yenye mzizi mmoja

Kiswahili kina neema ambayo mwalimu wa msamiati asiitupe: kitenzi kimoja huzaa maneno mengi. Chora mti maneno ubaoni, shina likiwa "pika", na matawi yawe pikia, pikwa, mpishi, upishi, mapishi. Mti wa "lima" utakuwa na mkulima na kilimo. Wa "soma" utakuwa na somo, msomaji, someka na somesha. Katika Gredi ya 1 matawi mawili yanatosha, mtendaji na tendo. Kufikia Gredi ya 3, mtoto anayekutana na neno "mkaguzi" kwa mara ya kwanza anaweza kubahatisha maana yake kwa kuwa analijua "kagua", na huo ndio ujuzi utakaomfaa siku ambayo mwalimu hayupo.

Watoto wakiishika kanuni, wataizidisha. Mmoja wangu aliandika kwamba polisi walimkamata "mwibaji". Nilimsifu kwanza, kwa sababu alikuwa ametumia msomaji na mwimbaji kama kielelezo na hakukosea katika kufikiri. Kisha nikampa "mwizi", ambalo ndilo neno ambalo lugha imelichagua.

Kitu halisi na methali iliyokaririwa bure

Karibu kila mtoto aliyetoka PP2, darasa la awali linalotangulia Gredi ya 1, anaweza kukariri "Haba na haba hujaza kibaba." Siku moja niliwauliza kibaba ni nini. Kimya kilikuwa kirefu, kisha mvulana mmoja akasema ni baba mdogo, kama kitoto ni mtoto mdogo. Kwa upande wa sarufi, jibu lake halikuwa la kipumbavu hata kidogo.

Kesho yake nilileta gorogoro, mkebe ule ambao akina mama wa Muthurwa na Gikomba hupimia mahindi na maharagwe, pamoja na mkebe mdogo zaidi. Gorogoro wote waliijua. Niliwaeleza kwamba kibaba nacho ni kipimo cha nafaka, cha zamani na kidogo kuliko gorogoro, na kwamba vibaba vinne vilifanya pishi moja. Kila mtoto alikuja na konzi ya maharagwe, akaitia mkebeni, na kila mara tukasema pamoja: "Haba." Mkebe ulipojaa, maneno matatu yalikuwa yamefundishika kwa mpigo mmoja, haba, jaza na kibaba, bila mimi kuandika chochote ubaoni. Tulipoteza maharagwe machache sakafuni, na kipindi kilipita muda wake kwa dakika kumi. Mwalimu wa somo lililofuata alilalamika, na alikuwa na haki.

Kurudia bila kuchosha

Mwaka wa 1978, Susan Carey na Elsa Bartlett walichapisha jaribio ambamo watoto wa miaka mitatu na minne waliombwa kuleta sinia la rangi fulani iliyotajwa kwa neno wasilolijua, "si lile la buluu". Watoto walileta sinia sahihi, na baadhi yao walibaki na kumbukumbu fulani ya neno hilo hata baada ya siku kadhaa. Lakini walichobaki nacho kilikuwa fununu tu ya maana. Kuijaza fununu hiyo ni kazi ya muda mrefu. Darasani hili lina matokeo yake: mtoto anayeitikia "ndiyo, mwalimu" Jumatatu ana fununu, na fununu hiyo itafifia asipokutana na neno tena.

Weka kapu maneno karibu na mlango. Kila kadi ikishafundishwa inaingia humo, na inatoka kesho yake, kisha baada ya siku mbili, kisha wiki inayofuata, kisha mwezi ukiisha. Usitenge kipindi kwa kazi hii. Tumia dakika zile zinazopotea, watoto wanapopanga foleni ya uji au mnapomalizia kuita sajili. Kila mara kazi ya kadi ibadilike: leo mtoto anaigiza neno, kesho anataja kinyume chake, wiki ijayo anategea wenzake kitendawili. Watoto hupenda vitendawili vya kujitungia kuliko vya kitabuni. Kikundi kimoja kilitega hivi: "Hubeba nyama kila siku lakini hali hata kipande." Jibu lilikuwa mizani, ile ya buchari iliyo mkabala na lango letu.

Unaposoma hadithi kwa sauti, simama kwa maneno mawili au matatu tu. Ukisimama kila mstari, hadithi itakufa, na hadithi ndiyo inayobeba maneno.

Wazazi nao wanaweza kusaidia, ijapokuwa wengi huniambia kwamba Kiswahili chao ni cha sokoni. Huwajibu kwamba hicho hicho ndicho ninachokitaka: wakiwa katika matatu au kwa mama mboga, wamwulize mtoto kipi ni ghali leo, na kwa nini.

Kupima

Usimwombe mtoto wa gredi hizi aandike maana ya neno. Mwonyeshe vitu viwili achague. Kisha atoe sababu. Kisha atunge sentensi yake mwenyewe kuhusu jambo ambalo hamkulizungumzia darasani. Katika daftari langu, anayeweza kuchagua tu hupata nukta moja, anayetoa sababu hupata mbili, na anayetunga hupata tatu. Nyota nimeiweka kwa mtoto ninayemsikia akilitumia neno uwanjani au kwenye foleni bila kuulizwa. Neno ambalo darasa zima limebaki na nukta moja moja linarudi kapuni, na wiki inayofuata ninapunguza maneno mapya yawe mawili au matatu ili lile la zamani lipate nafasi.