Siku 3 za kwanza za watoto wa nguruwe

Watoto wa nguruwe wanaokufa kabla ya kuachishwa kunyonya hufa zaidi katika siku 3 za kwanza, na wengi hulaliwa na mama. Mwenye baridi hujibana tumboni mwa mama kutafuta joto. Mwenye njaa hana nguvu ya kukwepa. Basi tengeneza chumba mapema.

Mimba huchukua miezi 3, wiki 3 na siku 3. Andika tarehe ya kupandwa. Ikibaki wiki moja, muogeshe mama kwa sabuni, hasa kiwele, umhamishie chumba cha mita 2 kwa 3. Kando ya kuta funga mabomba au boriti imara, sentimita 25 kutoka sakafuni na 25 kutoka ukutani. Upenyo huo ndio kimbilio la mtoto mama anapojitupa chini. Ukizifunga juu zaidi, mama atapenyeza mgongo chini yake na kazi yako imekuwa bure.

Kona moja iwe ya watoto tu: maranda makavu, mlango mdogo, balbu ya joto. Wao wanataka nyuzi 32 hadi 34, joto ambalo mama hawezi kulivumilia, kwa hiyo usipashe chumba kizima. Wakirundikana wana baridi. Wakiikimbia balbu, ipandishe. Jiko la mkaa usiliingize kamwe, hewa yake inaua.

Chuchu zikianza kutoa maziwa ukizikamua, kaa karibu. Kila anayetoka mfute pua na mdomo, chovya kitovu kwenye iodini, mweke kwenye chuchu. Huzaliwa bila kinga, kwa hiyo dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, aipate ndani ya saa 6. Wadogo wape chuchu za mbele, zina maziwa zaidi. Mama akisukuma dakika 45 bila kutoa mtoto, mwite daktari wa mifugo. Usimchome sindano ya uchungu mwenyewe: mtoto akiwa amekwama, kizazi kinaweza kupasuka.

Siku ya 3 wachome madini ya chuma shingoni, miligramu 200 kila mmoja. Soma chupa, ujazo hutofautiana. Maziwa ya mama hayana chuma ya kutosha, na sakafu ya saruji haiwapi udongo wa kuchimbua.

Mama ale kidogo siku ya kuzaa, kisha mpandishie taratibu hadi kilo 2 kwa siku, ukiongeza nusu kilo kwa kila mtoto anayenyonya. Maji yasikauke, anaweza kunywa lita 30 kwa siku. Kiwele kikiwa kigumu na cha moto, naye anakilalia watoto wakilia, daktari aje siku hiyohiyo.