Jinsi ya kuona fanksheni zilizomo ndani ya kifurushi cha R

Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili. Data zake za kaya zilikuwa tayari, na kwenye R (programu ya uchambuzi wa takwimu) alishasakinisha kifurushi cha survey, yaani mkusanyiko wa fanksheni za kuchambua data za sampuli, lakini hakujua ndani yake mna nini. Nimeandika tulivyofanya, pamoja na jambo moja lililowahi kunilia siku nzima.

1. Pakia, kisha orodhesha

library(survey)
ls("package:survey")

Ukiona ujumbe wa kosa unaotaja "search list", kifurushi hakijapakiwa. Usikimbilie kukisakinisha upya; ita library() tu.

2. Tenga fanksheni na vitu vingine

ls() hukupa kila kitu, hata seti za data. Kwenye dplyr, kifurushi cha kupanga data, kwa mfano, utaikuta seti ya data ya starwars katikati ya fanksheni. Mimi hupendelea:

lsf.str("package:survey")

Hii huleta fanksheni peke yake, kila moja na vigezo vyake. Ukifika kwenye svymean unaona palepale kwamba inataka x na design, na kwamba na.rm, kigezo cha kuondoa thamani zinazokosekana (NA), ni FALSE. Yule dada alikuwa anapata NA kila mara. Jibu lake lilikuwa kwenye mstari huo.

3. Bila kupakia

sort(getNamespaceExports("dplyr"))

Itumie unapotaka kuchungulia tu. Ukipakia dplyr, filter yake huifunika filter ya stats, kifurushi kinachokuja na R, na skripti ya zamani inaweza kuanza kulalamika.

4. Fanksheni zisizoonekana kwenye orodha

Hapa ndipo nilipokwama. Nilikuwa nalinganisha wastani wa makundi mawili, na jibu la R halikulingana na la mwenzangu aliyetumia programu nyingine. Nikataka kujua t.test, fanksheni ya kulinganisha wastani, inafanya nini. Nikaandika args(t.test), nikapata function (x, ...) basi. Nikaandika t.test bila mabano nione msimbo wake, ikatoka UseMethod("t.test"). Kwenye ls("package:stats") ipo hiyo hiyo moja. Niliamini R yangu imeharibika, nikaifuta na kuisakinisha upya. Haikusaidia kitu.

Kumbe t.test ni bawabu tu. Hutazama umeleta kitu cha aina gani, kisha hukupeleka kwa mhusika aliyeko ndani. Wahusika hao unawaona hivi:

methods(t.test)

Zinatoka t.test.default na t.test.formula, kila moja na kinyota. Kinyota maana yake fanksheni ipo lakini haikutolewa nje, ndiyo maana ls() haiioni. Ifikie kwa nukta pacha tatu:

args(stats:::t.test.default)

Hapo nikaona var.equal = FALSE. R haichukulii kwamba mtawanyiko wa makundi mawili ni sawa. Mwenzangu alikuwa amechukulia kwamba ni sawa. Jaribu mwenyewe kwa data ya sleep inayokuja na R: t.test(extra ~ group, data = sleep) hutoa digrii za uhuru 17.776, na ukiongeza var.equal = TRUE zinakuwa 18.

Tahadhari. Orodha ya methods() hutegemea vifurushi vilivyopakiwa wakati huo, kwa hiyo methods(summary) kwenye kompyuta yako inaweza kuwa ndefu kuliko ya jirani, na nyote mko sahihi. Kama hujui fanksheni iko kifurushi gani, getAnywhere("t.test.default") itakuonyesha. Na tafadhali, nukta pacha tatu ni za kusomea. Usiziweke kwenye skripti ya kazi, kwa sababu mwandishi wa kifurushi anaweza kubadili mambo yake ya ndani bila kumwarifu mtu, na uchambuzi wako ukavunjika. Ukitaka kuanza na aina ya kitu badala ya fanksheni, geuza: methods(class = "lm"), ambapo lm ni modeli ya regresheni.

5. Unapokumbuka nusu ya jina

apropos("^svy") hutafuta majina yanayoanza na svy ndani ya vifurushi ulivyopakia. Kwa maelezo mafupi ya kila fanksheni, help(package = "survey").

RStudio, programu ya kuandikia R, nayo hukuonyesha orodha ukiandika survey:: na kubonyeza Tab. Ni rahisi, lakini mimi nashikilia amri: naweza kuihifadhi kwenye skripti, na lsf.str() naikuta hata kwenye seva isiyo na RStudio.